Malaba hujibiwa "hakuna": kisa cha DNS ya ndani na ya nje

Kampuni inayozungumziwa hapa ni ya uwakala wa forodha. Makao yake yako Kampala, upande wa Nakawa, na ina matawi mawili mpakani: Malaba, tunakopakana na Kenya, na Mutukula, tunakopakana na Tanzania. Kazi yake yote imo ndani ya programu moja ya faili za mizigo. Programu hiyo imewekwa kwenye seva ya Kampala, haionekani kwenye intaneti, na matawi huifikia kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Malaba ndiko kwenye pilikapilika zaidi kwa sababu ya malori yanayotoka Mombasa. Dereva akiegesha lori anataka kuambiwa jambo moja tu: faili yangu imefika wapi?

Lalamiko la karani mkuu wa pale lilikuwa limenyooka. "Fundi, mtandao upo. WhatsApp inakwenda, barua pepe inakwenda. Faili tu ndizo zinakataa." Tena hazikuwakatalia wote. Kompyuta moja ilifungua, iliyo jirani yake ikasema anwani haijulikani, kisha baada ya muda zikabadilishana zamu. Kabla ya hapo ruta ilikuwa imebadilishwa, antena imesogezwa, na mtoa huduma wa intaneti amelaumiwa kwa maneno ambayo sitayaandika.

Jina halisi la kampuni nitaliacha. Niite kikoa chake, yaani jina lake la intaneti, kampuni.example, kwa kuwa .example ni kiishio cha majina kilichotengwa rasmi kwa mifano na hakiwezi kuwa mali ya mtu. Programu ya faili ilikuwa faili.kampuni.example, anwani 10.20.0.20. Seva ya majina ya Kampala, yaani ya DNS, inayogeuza majina kuwa anwani za namba, ilikuwa programu ya BIND kwenye 10.20.0.5. Mtandao wa Malaba ulianzia 10.30.0.1, ambayo ni fayawoli yao, mlinzi kati ya tawi na intaneti.

Seva mbili kwenye DHCP

Nilianza kwa kutazama kompyuta za Malaba zinamuuliza nani. DHCP, huduma inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao, ilikuwa inazigawia seva mbili za majina: 10.20.0.5 ya Kampala, kisha 8.8.8.8 ya Google. Aliyepanga hivyo alikuwa na nia njema: Kampala isipojibu, Google itajibu, na jina ambalo Google hailijui litaulizwa Kampala. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na matatizo mengi ya namna hii chanzo chake ni hapo.

Ukimuuliza mlinzi wa lango kama fulani yumo ndani, naye akakujibu "hayumo", hubaki ukisubiri mlinzi wa pili. Umeshajibiwa, unaondoka. DNS nayo hufanya hivyo. Jibu la NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, ni jibu kamili. Kompyuta ikilipata kutoka kwa seva yoyote kati ya zile mbili, haina sababu ya kuisumbua nyingine. Seva ya pili huulizwa pale tu ya kwanza inapokaa kimya au inaposhindwa kujibu. Kiungo cha Malaba hadi Kampala kilikuwa kinapoteza pakiti, hasa mvua ikinyesha. Windows huiuliza seva ya kwanza, na ikichelewa kwa takriban sekunde moja huigeukia ya pili. Google, ambayo haijui lolote kuhusu seva ya ndani ya watu wa Nakawa, inajibu kwa uaminifu kabisa: hakuna. Jibu hilo linahifadhiwa kwenye kache (hifadhi ya muda) ya kompyuta, na karani anabaki nje kwa muda hata kiungo kikishatengemaa. Kulikuwa na kompyuta moja ya Ubuntu ambayo hali yake ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu systemd-resolved, programu yake ya kuuliza majina, ikishahamia seva fulani hubaki nayo hadi hiyo nayo ishindwe. Google haishindwi mara nyingi.

Ndiyo maana kompyuta mbili zilizokaa meza moja zilikuwa na hali mbili. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Zilikuwa zimeuliza watu wawili wenye elimu tofauti.

"Hakuna" ina mwenyewe

Kuthibitisha hilo hakuhitaji kubahatisha. Jibu la NXDOMAIN huja na rekodi ya SOA, yaani ya utambulisho wa zoni, katika sehemu yake ya mamlaka, na SOA hiyo hutaja zoni (kundi la majina linalosimamiwa pamoja) iliyokataa na seva yake kuu. Watu wengi wakitumia dig, amri ya kuuliza DNS, husoma mstari wa jibu tu, wakiona hauna kitu hufunga dirisha. Soma na chini yake.

Kwa `dig @10.20.0.5 faili.kampuni.example` jibu lilikuwa NOERROR (hakuna kosa), anwani ya ndani, na alama ya aa inayoonyesha kwamba aliyejibu ndiye mwenye zoni. Kwa `dig @8.8.8.8` na jina lilelile, jibu lilikuwa NXDOMAIN, na SOA yake ilitaja seva za kampuni inayowahifadhia tovuti. Kwa hiyo aliyesema "hakuna" ni zoni ya hadharani, na alisema kweli, kwa kuwa huko jina hilo halijawahi kuandikwa. Kama SOA ingekuwa ya mzizi wa DNS yote, a.root-servers.net, ningejua kwamba mtu amebuni kiishio chake mwenyewe kama .lan na maswali yake yanavujia nje. Kama ingekuwa SOA ya Kampala, kosa lingekuwa kwenye faili ya zoni ya Kampala. Majibu hayo matatu yanafanana kwa karani, lakini kwa fundi kila moja linampeleka kwenye mji tofauti.

Zoni moja yenye sura mbili

Kumbe kulikuwa na lalamiko jingine ambalo wafanyakazi wa Kampala walikuwa wamelizoea: tovuti ya kampuni yenyewe haifunguki ukiwa ofisini. Kwenye simu yenye data inafunguka, kwenye Wi-Fi ya ofisi haifunguki. Nilipoiuliza 10.20.0.5 kuhusu www, ilijibu kwa alama ya aa na kutoa anwani ya zamani, ya kabla tovuti haijahamishwa.

Seva ya Kampala ilikuwa imesanidiwa kama mwenye kampuni.example yote. Seva ikishajitangaza kuwa mwenye zoni, haimuulizi mtu mwingine kuhusu chochote kilicho ndani ya zoni hiyo, na mistari ya `forwarders`, inayotaja seva za kupelekewa maswali, haihusiki tena. Kila rekodi ya hadharani, iwe ya www, ya barua pepe au ya uthibitisho wa aina yoyote, lazima inakiliwe ndani kwa mkono. Siku mhifadhi wa tovuti anapobadilisha anwani, nakala ya ndani inakuwa uongo wenye muhuri.

Wapo wanaoutetea mpango huu wa jina moja lenye majibu mawili, na kwenye taasisi yenye timu ya watu wa kusimamia zoni zote mbili kwa pamoja unaendeka. Kwa kampuni yenye kijana mmoja wa IT ambaye pia ndiye anayebadilisha wino wa printa, mimi siupendi. Tulichokubaliana ni kuipa ndani tawi lake la jina: ndani.kampuni.example. Seva ya Kampala ikawa mwenye ndani.kampuni.example peke yake, programu ikawa faili.ndani.kampuni.example, na nakala ya zoni kubwa ikafutwa. Tovuti ikafunguka ofisini papo hapo, bila mtu kugusa chochote kinachohusu tovuti.

Kwa nini si .lan, au .local? .local imetengewa mDNS, namna ya vifaa vya ofisi moja kutafutana bila seva, tangu RFC 6762 (waraka wa kanuni za intaneti) ya 2013, na kuitumia kwa DNS ya kawaida ni kujitafutia ugomvi na printa na simu. Mwaka 2024 ICANN, msimamizi wa majina ya intaneti, ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani, na hilo ni chaguo halali. Ila jina lililo chini ya kikoa unachokimiliki lina faida moja kubwa: unaweza kulipatia cheti cha TLS (cha usimbaji wa mawasiliano) kutoka kwa mtoa vyeti Let's Encrypt kwa kuthibitisha kupitia rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye zoni ya hadharani, bila kuifungua seva yenyewe kwa dunia. Kwa .internal hakuna mtoa vyeti wa hadharani atakayekupa.

Kuna pendekezo lililotolewa mezani na linafaa lijibiwe: kwa nini tusiandike tu 10.20.0.20 kwenye zoni ya hadharani, kila mtu alipate jibu hilohilo popote alipo? Lingefanya kazi siku hiyohiyo. Lakini unawatangazia watu ramani ya mtandao wako wa ndani, na fayawoli nyingi hulifuta jibu la namna hiyo kwa makusudi, jambo ambalo tutalikuta muda si mrefu.

Mtu mmoja wa kuulizwa

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi kueleza. Kila kompyuta ya tawi imuulize mtu mmoja tu, aliye karibu, na huyo ndiye ajue swali lipi linakwenda wapi. Majina ya ndani yaende Kampala kupitia VPN. Mengine yote yaende nje moja kwa moja. Fayawoli ya Malaba ilikuwa na Unbound, programu ya kujibu maswali ya majina, tayari, kwa hiyo hakuna kilichonunuliwa. Sehemu muhimu ya usanidi ilikuwa hii:

```
server:
    access-control: 10.30.0.0/24 allow
    outgoing-interface: 10.30.0.1
    domain-insecure: "ndani.kampuni.example"
    private-domain: "ndani.kampuni.example"
    local-zone: "10.in-addr.arpa." nodefault

forward-zone:
    name: "ndani.kampuni.example"
    forward-addr: 10.20.0.5
    forward-first: no

forward-zone:
    name: "10.in-addr.arpa"
    forward-addr: 10.20.0.5
```

Ile forward-zone ya kwanza ndiyo roho ya jambo. Mistari mingi iliyo juu yake ipo kwa sababu bila hiyo uelekezaji ungeonekana umesanidiwa vizuri na bado usifanye kazi.

outgoing-interface: fayawoli inapotuma swali lake yenyewe, hutumia anwani ya upande wa intaneti kama anwani ya mtumaji. VPN ya IPsec ya pale ilikuwa inapitisha tu pakiti zinazotoka 10.30.0.0/24 kwenda 10.20.0.0/24, hivyo swali la fayawoli halikuingia kabisa kwenye handaki. Kompyuta ya karani iliweza kuifikia 10.20.0.5, fayawoli haikuweza. Ukiendesha tcpdump, amri ya kutazama pakiti, Kampala kwenye mlango wa 53 wa DNS na usione kitu, usiiguse faili ya zoni. Tatizo liko njiani.

domain-insecure: zoni ya hadharani ya kampuni ilikuwa imesainiwa kwa DNSSEC, yaani saini za kuthibitisha majibu. Unbound iliyowashwa uthibitishaji hulipokea jibu la Kampala, kisha huiuliza zoni mama kama kuna kitu kinachoitwa ndani. Zoni mama inajibu, kwa saini halali, kwamba hakipo. Kwa mtazamo wa risolva (programu inayotafuta majibu ya majina, hapa Unbound) jibu la Kampala basi ni la kughushi, na karani anapata SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kujibu. Hapo ndipo wengi huizima DNSSEC yote ili wapumzike. Haina haja. Mstari mmoja unasema tawi hili peke yake lisithibitishwe, na mengine yote yabaki na ulinzi wake.

private-domain: pfSense, mfumo wa fayawoli wa pale, huja ikiwa imewasha kinga dhidi ya tovuti za nje zinazojidai kuwa na anwani za ndani ya ofisi yako. Kinga hiyo hufuta kila anwani ya RFC 1918, yaani ya ndani kama zinazoanza na 10, iliyo kwenye jibu. Dalili yake inachanganya sana, kwa kuwa unapata NOERROR, hakuna kosa lolote, na hakuna anwani. Hili ndilo lililonifanya nilikatae lile pendekezo la kuandika 10.20.0.20 hadharani.

Mstari wa local-zone unahusu majina ya kinyume, kutoka anwani kwenda jina. Unbound kwa kawaida huyajibu maswali ya 10.in-addr.arpa yenyewe, kwa "hakuna", ili yasivujie nje. Usipoiambia nodefault, ile forward-zone ya pili haitatumika hata siku moja. Madhara yake ni madogo, lakini kumbukumbu za seva ya faili zilikuwa zinaonyesha anwani za namba tu, na mkaguzi wa ndani alitaka majina ya kompyuta.

DHCP ya Malaba ikabaki na seva moja, 10.30.0.1. Meneja aliuliza, kwa haki, itakuwaje ikifa. Ikifa, intaneti ya tawi zima imekufa nayo, kwa sababu ndiyo fayawoli. Seva ya pili ingekuwa na maana kama ingekuwa na elimu ileile kuhusu majina ya ndani. Isiyo na elimu hiyo ni ile 8.8.8.8 kwa sura nyingine.

Kwa majina ya nje tuliacha yaende kwa risolva ya mtoa huduma wao, iliyoko Kampala, badala ya ya mbali. Kampala ina kituo cha kubadilishana intaneti, UIXP, tangu 2001, na huduma kubwa za maudhui hupanga jibu lao kwa kutazama risolva inayouliza iko wapi. Hilo ni jambo la mwendo tu, si la usahihi, na mtu akichagua tofauti sitabishana naye.

Mutukula na saa tatu za ukimya

Mutukula walikuwa na shida nyingine, ingawa kwa maneno ilisikika ileile. Kule kulikuwa na kompyuta kuukuu yenye BIND, na mtu alikuwa amekwisha kuisanidi zoni ya uelekezaji kwenda Kampala. Kompyuta zote zilimuuliza huyo mmoja. Mpango mzuri. Hata hivyo VPN ikikatika kidogo na kurudi, faili zilibaki zimefungwa hadi alasiri, na kuwasha upya ile kompyuta kulikuwa "dawa" ambayo kila mtu ofisini aliijua.

BIND usipoiambia kitu huelekeza kwa mtindo wa `forward first`: inawauliza ilioelekezwa kwao, na wasipojibu inakwenda kutafuta yenyewe kwenye intaneti. Kwa jina la hadharani huo ni ukarimu. Kwa jina la ndani ni sumu, kwa sababu huko nje itakutana na zoni ya hadharani na kupewa NXDOMAIN halali. Jibu hilo hasi linawekwa kwenye kache kwa muda unaotokana na SOA ya zoni iliyokataa, na BIND kwa kawaida hukubali kulishika hadi sekunde 10800, yaani saa tatu. VPN imekatika dakika moja, ofisi imelipa saa tatu. Kuwasha upya kulisaidia kwa kuwa kulifuta kache.

Marekebisho yalikuwa neno moja, `forward only` badala ya ile kawaida. VPN ikikatika sasa, risolva inashindwa na kutoa SERVFAIL. Kushindwa huko hakuhifadhiwi kwa muda mrefu, na kiungo kikirudi swali linalofuata linajibiwa. Unbound kwa upande wake haielekezi kwa mtindo wa first isipokuwa uiombe. Niliandika `forward-first: no` kwenye usanidi wa Malaba ili atakayekuja baadaye aone kwamba ni uamuzi.

Yaliyobaki

Seva ya Kampala ilikuwa na anwani ya hadharani pia na ilikuwa inamjibu yeyote duniani, maswali ya aina yoyote. Risolva iliyo wazi namna hiyo hutumiwa kushambulia watu wengine: mshambuliaji anatuma swali dogo akijifanya ni la anwani ya mtu mwingine, na jibu kubwa linamwangukia mwenye anwani hiyo. `allow-recursion`, mstari wa nani aruhusiwe kutafutiwa majibu, ikafungwa kwa mitandao ya 10.20, 10.30 na ya Mutukula peke yake, na mlango wa 53 wa upande wa nje ukazibwa, wa UDP na wa TCP, njia mbili za kusafirisha maswali. Upande wa ndani TCP iliachwa wazi, maana jibu lisiloenea kwenye UDP hurudiwa kwa TCP, na kuizuia huko huleta kasoro zinazotokea kwa jina moja na zisitokee kwa jingine.

Simu ya karani mmoja iliendelea kukataa baada ya yote. Ilikuwa Android yenye DNS binafsi iliyowekwa dns.google, mpangilio uliopo tangu Android 9. Simu hiyo haikuwa inamuuliza mtu wa Malaba kabisa. "Mimi niliambiwa inaongeza kasi," alisema. Tukairudisha kwenye hali ya otomatiki.

Swali la kuweka nakala ya zoni ya ndani Malaba, ili jina lijibiwe hata VPN ikiwa imekatika, lilijadiliwa na kuachwa. Unbound inaweza kuichukua zoni nzima kwa AXFR (njia ya kunakili zoni), na si kazi kubwa. Lakini programu yenyewe iko Kampala. Jina likijibiwa na njia ikiwa imekatika, karani ataona ukurasa unaozunguka badala ya ujumbe wa kosa, na dereva atasubiri vilevile. Ikiwa siku moja watahamishia nakala ya programu mpakani, zoni nayo itafuata.

Jina la zamani, faili.kampuni.example, bado lipo kwenye alama za vivinjari vya makarani. Limeelekezwa Kampala kama jina moja pekee, kwa forward-zone yake na domain-insecure yake, na kule lina zoni ndogo yenye rekodi moja ya A, yaani ya anwani. Karani mkuu ana orodha ya kompyuta ambazo alama zake hazijabadilishwa. Zikiisha, kijana wa IT ataifuta hiyo mistari Malaba kwanza, kisha Mutukula, na zoni ndogo ya Kampala mwisho.